Mnafiki Akisema Kweli, Tumsikilize?

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Nne

Kama wewe ni mwalimu, nakuomba kwa heshima zote uiweke kando ile kalamu nyekundu hadi nimalize.

Wahenga walinena kwamba kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Najua methali hii haipendezi kutamkwa mbele ya wazee, lakini imo vitabuni, tumeikariri sote, na sioni nyingine inayoligusa jambo hili barabara kama hii. Mwaka huu hapana neno lililorushwa huku na kule shuleni mwetu kuliko neno "mnafiki". Kiranja akimwandika mtu jina kwa kupiga kelele, anaitwa mnafiki, ati kwa kuwa jana yeye mwenyewe alikuwa akicheka hadi darasa la pili likamsikia. Mzee akisimama kuhubiri amani, mnafiki. Mheshimiwa akija na gari la serikali kutuhimiza tusome kwa bidii hapa Buna ilhali watoto wake wanasoma Nairobi, huyo ndiye mnafiki mkuu. Hata mpishi wetu hakusazwa. Yeye hutuambia githeri ni tamu, kisha saa saba anafungua chakula chake alichokibeba kutoka nyumbani.

Muhula wa pili mlezi wetu alitupa hoja ya mjadala: "Mnafiki hana haki ya kumkosoa mwenzake." Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura nyingi, makofi yakasikika hadi bwalo la chakula. Mimi siku hiyo nilikuwa mtunza saa, na mtunza saa haruhusiwi kufungua kinywa ila kusema "dakika moja imebaki". Basi nimeomba nafasi katika jarida letu nami niseme yangu, kwa maana naona upande ulioshinda ulisema kweli nusu, na nusu iliyobaki ni ya hatari.

Nianze na hiyo ya hatari. Tuseme kuna mzee ambaye ametafuna miraa tangu ujana wake. Ameketi chini ya mti, shavu limefura, chupa ya chai kando, naye anakuita: "Wewe kijana, hii kitu usiguse, itakumaliza." Utamjibu nini? Wengi wetu tutasema moyoni, kwani yeye anatafuna nini, ubani? Lakini jamani, maneno yake ni ya uongo? Yeye ndiye anayeijua miraa kutushinda sote. Anajua pesa ilizomla, anajua usiku asiolala, na meno yake ni ushahidi ambao hauhitaji wakili. Mganga hajigangi, lakini dawa yake huenda ikakuponya wewe. Kama ukweli ungetegemea usafi wa anayeusema, basi mbili na mbili zingekuwa nne siku mwalimu wa hesabu anapowahi darasani, na siku anapochelewa zingekuwa tano.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mara nyingi tunapomwita mtu mnafiki hatutafuti ukweli, tunatafuta njia ya kutorokea. Kiranja akisema "nyamaza", badala ya kujiuliza kama ni kweli tunapiga kelele, tunamuuliza yeye alikuwa wapi jana. Mjadala unahama kutoka kwenye kelele zetu na kwenda kwenye kelele zake, na kelele zenyewe zinaendelea kama kawaida.

Tulitazame neno lenyewe. Unafiki ni neno tulilolitoa kwenye Kiarabu, na wajuzi wa lugha hiyo hulihusisha na shimo la yule panya wa jangwani mwenye miguu mirefu ya nyuma, ambaye huchimba makao yenye milango miwili. Mmoja unaonekana, wa pili ameuficha kwa udongo mwembamba. Adui akija kwa huku, yeye anatokea kule. Sisi wana wa nchi kavu hatuhitaji kuchorewa picha. Basi mnafiki si mtu aliyeshindwa kutenda aliyoyasema. Ni mtu aliyejitengenezea mlango wa pili.

Na wale tuliopitia madrasa, na wengi wetu tumepitia, tulifunzwa alama tatu za mnafiki: mazungumzo yake ni ya uongo, ahadi yake haitimizwi, na amana akipewa huifanyia khiyana. Zihesabu tena polepole. Hakuna hata moja isemayo kwamba mnafiki ni yule anayekataza jambo kisha nafsi ikamshinda akalifanya. Dada mmoja wa kidato cha tatu alinijibu nilipomweleza haya, akasema dini hiyo hiyo imewalaumu vikali wanaosema wasiyoyatenda. Ni kweli, nami simpingi. Lakini kulaumiwa ni jambo moja na kupewa jina la mnafiki ni jambo jingine. Mzee wa miraa ni dhaifu, naye anajua, na wewe unajua. Hajakuficha kitu. Mnafiki hukuficha, kisha anaomba umkabidhi amana.

Hapo ndipo ile nusu ya kweli inapokuja. Kumsikiliza mtu ni jambo moja, kumkabidhi amana ni jambo lingine kabisa. Mfano wake hatuendi kuutafuta mbali, uko papa hapa Wajir.

Wazazi wetu waliosoma miaka ya themanini wanaikumbuka vizuri falsafa ya Nyayo: amani, upendo na umoja. Iliimbwa gwarideni, iliandikwa ukutani, ilisemwa redioni asubuhi na jioni. Tarehe 10 Februari 1984, katika enzi hiyo hiyo ya amani, upendo na umoja, askari wa serikali walianza kuwakusanya wanaume wa jamii ya Wadegodia mjini Wajir na vitongojini, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, mwendo mfupi magharibi mwa mji. Ilisemwa ni msako wa bunduki. Wanaume walivuliwa nguo, wakalazwa chini juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengine walikufa kwa kiu, wengine kwa kipigo, na waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Mkoa mzima wakati huo ulikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo zilituandama tangu Desemba 1963 hadi 1991, hivyo hapakuwa na wa kumuuliza askari kitu. Serikali ilikiri kwamba waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali Bungeni kwamba walikuwa 380. Watu wa Wajir wenyewe hutaja maelfu. Anayetaka kusoma zaidi akitafute kitabu cha Salah Abdi Sheikh, Blood on the Runway, kilichotoka mwaka 2007.

Je, kwa vile waliohubiri amani walifanya unyama, amani ikawa uongo? La hasha! Mjane wa Wagalla anaitamani amani kuliko mtu yeyote. Neno lilibaki zuri vile vile. Kilichooza ni imani ya watu kwa wanaolitamka, na ubaya wa kuoza huko ni kwamba hakubagui. Wapo wazee kwetu ambao hadi leo ukiwatamkia "umoja wa taifa" huinuka taratibu wakaenda kuangalia mbuzi. Baadaye anapokuja mtu mwingine, mwema, na neno lile lile, anakuta masikio yamekwisha kufungwa. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la unafiki. Mnafiki hutumia neno jema hadi likaisha nguvu, na anayelihitaji kesho hana la kutumia.

Sasa tuingie penyewe. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kenya ilitunga sheria mwaka 2008 ya kuunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, nayo tume ikaapishwa mwaka 2009. Kazi yake ilikuwa kuchunguza dhuluma zote tangu uhuru, na Wagalla ilikuwemo. Mwenyekiti alikuwa Balozi Bethuel Kiplagat. Huyu hakuwa mtu wa kudharauliwa, nami sipendi kumsema marehemu kana kwamba hakuwa na jema. Alikuwa amesaidia kupatanisha watu wa Msumbiji, na aliyasimamia mazungumzo ya amani ya Wasomali yaliyofanyika humu nchini mwetu mwaka 2003 na 2004. Katika Afrika nzima ungetafuta mtu anayejua kuketisha maadui mezani, jina lake lingetajwa mapema.

Lakini ikajulikana kwamba tarehe 8 Februari 1984, siku mbili tu kabla ya Wagalla, kamati ya maofisa wakuu wa usalama na ujasusi ilifika Wajir na kufanya mkutano, na Bwana Kiplagat, wakati huo akiwa katibu mkuu katika wizara ya mambo ya nje, alikuwamo. Mwanzoni alisema hakuwepo au hakumbuki, kisha kumbukumbu za mkutano zikaonekana. Yeye alishikilia hadi mwisho kwamba hakushiriki kupanga mauaji yoyote, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Wapinzani wake waliongeza na maswali mengine mawili, ya ardhi na ya kifo cha waziri Robert Ouko mwaka 1990, nayo pia aliyakana. Mwezi wa Februari 2010 watu waliowahi kuwa kwenye tume kama hiyo katika nchi nyingine, akiwemo Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, walimsihi ajiuzulu. Naibu wake, Betty Murungi, alijiondoa. Novemba mwaka huo yeye mwenyewe akakaa kando. Tume ilipokuja kusikiliza watu wa Garissa na Wajir mwezi wa Aprili 2011, aliyekuwa akikaimu kiti ni Tecla Namachanja. Mwaka 2012 Bwana Kiplagat akarudi, na Mei 2013 ripoti ikakabidhiwa Rais.

Nilipolitaja jambo hili kwa wenzangu wa mjadala, waliounga mkono hoja walifurahi: "Unaona! Mnafiki!" Polepole, ndugu zangu. Mimi simwiti marehemu hivyo, maana la moyoni mwake silijui. Nauliza swali jingine: tuseme ni kweli hakufanya baya lolote, kiti kile kilikuwa chake? Naona hakikuwa. Kwa nini? Kwa sababu mama aliyekuja kueleza jinsi mumewe alivyofia juani angelazimika kueleza hayo mbele ya mtu ambaye jina lake limo kwenye karatasi za wiki ile ile. Kiti hicho hakikuhitaji malaika. Kilihitaji mtu ambaye mama yule angekubali kumwambia. Mamlaka ya kusema "haya ni haki na haya ni dhuluma" hayakutoka Ikulu yalikotoka magazeti ya serikali na barua za uteuzi. Serikali inaweza kumpa mtu kiti, mhuri na dereva. Sikio la mjane haiwezi kumpa.

Wenzangu wakaniuliza, haya basi, kama hayatoki serikalini, na wala hayatoki kwenye usafi wa mtu, maana umesema hata mlevi wa miraa anaweza kusema kweli, yanatoka wapi? Swali zuri. Nitajibu kwa kina mama wa Wajir.

Kati ya 1992 na 1995 wilaya yetu iliwaka moto. Waajuran, Wadegodia na Waogaden waliuana kwa sababu ya malisho, visima na siasa, na silaha zilikuwa zikimiminika kutoka Somalia iliyovunjika mwaka 1991. Mambo yalifika hadi sokoni, ikawa mwanamke wa ukoo huu hauziwi maziwa na mwanamke wa ukoo ule. Ndipo kina mama wachache wakakutana, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964, ambaye baadaye, mwaka 2007, alitunukiwa Sweden tuzo ambayo watu huiita Nobeli mbadala. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Walianza na soko. Walisimama pale wakahakikisha mwanamke yeyote wa ukoo wowote ananunua na kuuza. Kutoka hapo wakawaendea wazee, na walipotafuta wa kuongoza mazungumzo hawakuchukua mzee mwenye ngamia wengi wala ukoo mkubwa. Walichukua wa ukoo mdogo, ambaye hakuwa na upande katika vita vile. Mwaka 1993 wazee wakatia sahihi makubaliano yanayojulikana kama ya Al Fatah.

Sasa niambieni, kina mama wale walikuwa wasafi? Wapi! Kwetu kila mtu anajua kwamba vita vya koo havipiganwi na wanaume peke yao. Kuna anayemwimbia kijana hadi akaona aibu kubaki nyumbani, kuna anayempikia, kuna anayemficha. Wanawake walikuwamo, nao hawakulifunika hilo. Waliulizana swali gumu kabla ya kitu chochote: jamaa zangu wakiwaua jamaa zako kesho, utaendelea kukaa nami hapa? Asiyeweza kujibu ndiyo, aliombwa asijiunge. Kisha kila mmoja alianza kwa watu wake mwenyewe. Hawakwenda kwanza kuwakemea wa upande wa pili. Ule mlango wa nyuma waliuziba kwa mikono yao, watu wote wakiona. Ndiyo maana wazee waliwasikiliza watu ambao kwa desturi hawakuwa hata na mkeka kwenye baraza.

Kuna mwingine, ambaye hakuwa na ukoo kabisa. Annalena Tonelli alikuwa Mwitaliano aliyeishi Wajir tangu miaka ya sabini akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati wa Wagalla alitoka na gari kwenda kuokota waliokufa na waliokuwa hai bado, na akasaidia kuzitoa habari zile nje ya nchi. Mwaka uliofuata alifukuzwa Kenya. Hakuwa na kura, hakuwa Mwislamu, hakuwa Msomali. Hadi leo mtaje jina lake mbele ya wazee wa Wajir uone. Na mbunge Ahmed Khalif, ambaye aliliibua jambo hilo Bungeni wakati ambapo kusema kulikuwa hatari, naye hutajwa kwa heshima hata na watu waliompigia kura mpinzani wake. Mamlaka yao yalitoka kwenye gharama. Walilipa kwanza, wakasema baadaye. Wengi wetu tunasema kwanza, na bili tunamwachia mwingine.

Najua msomaji wa pwani au wa bara akiliokota jarida hili atafikiri ninawasifu watu wangu tu. Basi niseme na lisilotupendeza. Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tumezoea kuitaja Wagalla, na ni haki yetu. Lakini tarehe 22 Novemba 2014 basi lilisimamishwa karibu na Mandera, na abiria 28 wasiokuwa Waislamu wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2018 walimu wageni waliuawa Qarsa, katika kaunti yetu wenyewe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa, shule zikabaki na ubao na chaki bila wa kuishika. Nimewasikia watu wazima wakiyasimulia hayo kwa kunung'unikia upungufu wa walimu, bila kumtaja aliyekufa hata mmoja. Mtu akiuliza, jibu ni "waliofanya hivyo si sisi". Ni kweli, si sisi. Lakini hilo ndilo jibu ambalo ofisa wa 1984 naye angelitoa, "aliyefyatua risasi si mimi," na kwake hatulikubali.

Namshukuru Mungu kwamba tuna wa kutuokoa na aibu hiyo. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilivamiwa, na abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Miongoni mwao alikuwamo Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera. Alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki hospitalini Nairobi. Mwalimu yule hakuwa na cheo chochote cha kuzungumza kwa niaba ya Waislamu au Wasomali wa Kenya. Lakini leo akitokea mtu wa kutuambia sisi watu wa huku tunawachukia wageni, jina la kwanza tunalomtolea ni la Salah Farah.

Kuna jambo la serikali ambalo sijalimaliza. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizopita, na akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Ilikuwa ni mara ya kwanza neno hilo kutamkwa na rais, na watu walilipokea. Mwaka 2024, Wagalla ilipotimiza miaka 40, familia bado zilikuwa zikidai fidia. Mtoto wa madrasa anayejua kuhesabu hadi tatu atajua hiyo ni alama ya ngapi.

Mtauliza, katibu, haya yote yanatuhusu nini sisi wanafunzi? Yanatuhusu sana, tena mwezi wa Januari.

Nyote mwakumbuka ugomvi wa bwenini wa muhula wa kwanza. Ulianza na ndoo moja ya maji wakati pampu imeharibika, na kabla ya taa kuzimwa ukawa si wa ndoo tena, ukawa wa koo. Wawili waliumia, mmoja mkono. Kwa busara zake, usimamizi wa shule umeamua tuwe na kamati ya usuluhishi ya wanafunzi, na mwenyekiti achaguliwe na sisi wenyewe shule zikifunguliwa. Jina linalovuma ni la mmoja wa wasemaji wetu hodari, kijana ambaye akisimama kwenye mjadala hata mlezi huacha kuandika. Sitamtaja, na sina ugomvi naye. Usiku ule alikuwa bwenini. Hakumgusa mtu. Lakini alipoulizwa alisema alikuwa amelala, na kitanda chake kiko hatua chache tu kutoka pale mkono ulipovunjika.

Wanaomuunga mkono wanasema hakuna aliye bora kumshinda kwa maneno. Nakubali. Wanaompinga wanasema ni mnafiki, asiruhusiwe hata kusema. Hao siwaungi mkono. Atakaposema kupigana ni upumbavu atakuwa amesema kweli, na tutapiga makofi. Mimi nasema aingie kwenye kamati akitaka, ila kiti cha mbele asipewe kabla hajasimama mbele ya wale wawili akaeleza alichokiona. Si mbele ya gwaride, si mbele ya mwalimu wa zamu. Mbele yao. Wao wakisema "tumekubali", mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono kumpigia kura. Wakikataa, tufanye walivyofanya kina mama wa Wajir, tumtafute mmoja wa wale wanafunzi wachache ambao koo zao hazikuwa na upande usiku ule, hata kama hajui kutoa hotuba. Na kila mgombea aulizwe swali lile lile: jamaa zako wakikosea, utaanza na nani?

Fomu zinapatikana kwa naibu mwalimu mkuu hadi wiki ya mwisho kabla ya likizo. Nimeambiwa msemaji wetu amekwisha kuchukua yake. Yule mwenzetu wa mkono naye amefunguliwa plasta, na jioni baada ya maghrib hupatikana kwenye ngazi za maktaba, akisoma.